Hapo Palilala Ng'ombe

Ukipita Laikipia, Kenya, katikati ya vichaka vya migunga utakutana na uwanja wazi wa duara, nyasi zake fupi kama zulia. Mgeni hudhani pamefyekwa. Miaka yangu ya mwanzo ya utafiti nilichimba udongo mahali kama hapo, mzee mfugaji akinitazama ninavyohangaika na vifuko vyangu. Mwishowe akanionea huruma: "Mwanangu, hapo palilala ng'ombe." Maabara haikumpinga.

Mchana ng'ombe hutawanyika kula mbali. Usiku hurudi bomani kwa kuogopa simba na wezi, na samadi yao huishia humo. Yaani rutuba ya malisho mapana huzolewa kila siku na kumwagwa pahali padogo. Watu wakihama, nyasi zinazoota hapo huwa na naitrojeni na fosforasi nyingi kuliko za jirani. Swala pala huzifuata, huacha kinyesi chao hapohapo na kutafuna miche ya migunga kabla haijainuka. Ndiyo maana uwanja haufungwi na vichaka kwa miongo mingi. Huko Narok ni zaidi ya miongo: mwaka 2018 mwanaakiolojia Fiona Marshall na wenzake walichapisha katika jarida la Nature uchunguzi wa makazi ya wafugaji wa kale, yenye umri wa kati ya miaka 1,550 na 3,700, na udongo wake bado una fosforasi, kalsiamu na magnesiamu kupita wa pembeni.

Siku hizi ranchi kadhaa hutumia maboma ya kuhamishika kuponya vipara, ile ardhi iliyoganda hata mvua haipenyi. Kwato huvunja gamba la udongo, samadi huulisha, kisha boma linasogezwa. Likikaa mno, samadi huwa nene na hakuoti kitu kwa muda mrefu.

Mimi naiunga mkono mbinu hii, ila nakereka inaposifiwa kana kwamba samadi imeshuka kutoka mbinguni. Fosforasi iliyo bomani imetolewa malishoni. Anayechagua pa kulaza ng'ombe amechagua pia pa kupunguza rutuba, kwa hiyo mameneja nawaomba sampuli za huko ng'ombe wanakokula, si za bomani tu. Wengi huniletea za bomani tu.