“Inavuta mara ngapi?” Dhana potofu kuhusu binokula na vishada vya nyota

Kila anayetafuta binokula (darubini ya macho mawili) ya kutazamia vishada vya nyota, yaani nyota zilizokusanyika pamoja, huanza na swali hilohilo: inavuta mara ngapi? Ukimwambia mara 10, anakunja uso. Yeye anataka 20, au ile yenye kitufe cha kupandisha kutoka 10 hadi 30. Hoja yake ni kwamba nyota ziko mbali mno, kwa hiyo dawa ni kuzivuta. Dhana hii ndiyo inayofanya binokula nyingi ziishie kabatini.

Nyota hata uivute vipi itabaki nukta. Kishada kinahitaji vitu viwili, eneo pana na mkono uliotulia, na ukuzaji mkubwa unakunyang'anya vyote viwili. Binokula ya 10x50 (inavuta mara 10, lenzi ya mbele ina upana wa mm 50) kwa kawaida huonyesha digrii 6 hadi 6.5 za anga. Ya 20x50 hubaki na digrii 3 hivi. Elekea mkia wa kundi la nyota la Nge uone tofauti. Vishada M6 na M7 (M ni namba katika orodha ya Messier) vimeachana kwa takriban digrii 4, hivyo 10x50 inavichukua kwa pamoja. Kwa 20x50 utapata kimoja, tena ukibahatika. M41 nacho kiko digrii 4 kusini mwa nyota Sirius: weka Sirius kwenye ukingo wa kaskazini wa duara unaloliona, na kishada kitakuwa tayari ndani. Mwenye 20x50 lazima aiache Sirius aende kipofu. Hyades, kishada chenye upana wa digrii 5 na ushei, hawaingii kabisa kwenye duara lake. Hata Kilimia, ambacho upana wake ni kama digrii 2, kinaenea karibu duara zima, na kishada kisicho na giza pembeni hakionekani kuwa kishada. Ni nyota tu zilizotapakaa.

Halafu kuna mtetemo. Binokula inakuza anga, inakuza na kutetemeka kwa mikono. Kwenye 20 nukta zinageuka mistari, na zile hafifu zinapotea. Ukiifunga kwenye stendi ya miguu mitatu, mambo yanabadilika: anga la nyuma linafifia na nyota ndogo zinajitokeza. Kwa hiyo 15x70 ni kifaa kizuri sana, ila inunue pamoja na stendi yake. Zile za kupandisha ukuzaji ziache dukani. Eneo lake ni finyu hata kwenye namba ya chini, na ukipandisha, mirija miwili mara nyingi huacha kutazama sehemu moja. Kichwa kinauma kabla hujaona kitu.

“Kishada cha Omega Centauri kitaonekana kama kwenye picha.” Hakitaonekana hivyo. Nyota zake angavu kabisa zina ukubwa wa 11 na zaidi (kipimo cha mng'ao: namba ikipanda, nyota ni hafifu zaidi), wakati lenzi ya 50 mm chini ya anga zuri inaishia karibu na 10. Utaona doa la mviringo lenye ukungu, limeng'aa katikati. Hilo doa ndilo kishada chenyewe, usihangaike na fokasi. Kishada M4, digrii 1.3 magharibi mwa nyota Antares, ni hafifu zaidi: tazama kidogo pembeni yake, si moja kwa moja, ndipo kitajitokeza.

“Mwezi mpevu unasaidia, kunakuwa na mwanga.” Ndio mwanga wenyewe unaoficha vishada. Subiri usiku usio na mwezi.

“Naangalia ramani kwenye simu mara moja tu.” Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na kioo cheupe kinaifuta kazi hiyo kwa sekunde chache. Tumia taa nyekundu, tena hafifu.

“Yangu ina ukungu upande mmoja, ni mbovu.” Mara nyingi haijarekebishwa tu. Chagua nyota angavu. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, zungusha gurudumu la katikati mpaka jicho la kushoto lione nukta ndogo kabisa. Kisha ziba ya kushoto, na safari hii zungusha ringi ya lenzi ya jicho la kulia peke yake, gurudumu usiliguse. Kumbuka alama ya ringi. Kuanzia hapo ni gurudumu tu.

“Nyota Aldebaran ni sehemu ya Hyades.” Iko miaka nuru 65 hivi, wao wako karibu 150. Imekaa mbele yao tu.

Na kabla ya kulaumu kifaa kwamba hakipati kitu: kaza macho kwanza mahali penyewe, usiyashushe, ndipo uinue binokula hadi usoni. Wengi hutazama chini kuitafuta shingoni, wakiinua tena wako sehemu nyingine ya anga. Kaa kwenye kiti cha kulala nyuma, egemeza viwiko kifuani, na ushike mirija kuelekea mbele, karibu na lenzi kubwa. M7 anza nacho: kiko kama digrii 5 kutoka zile nyota mbili za mwiba wa Nge, upande wa kaskazini-mashariki, na mwiba na kishada vinaenea pamoja kwenye 10x50.