Listi mbili na mgumu aliyepanda mara mbili

Kuna swali madogo wanaojifunza kuandika programu hapa Moshi wananiuliza sana: bro, nina listi mbili, nitajuaje zina vitu vilevile bila kujali kipi kimetangulia? Swali jepesi, ila mi lilishaniumbua.

Kuna kampuni ya kupandisha wageni mlimani ilinipa kazi. Kila mwezi wana listi mbili, moja ya malipo inatoka ofisini, nyingine inaandikwa geti la Machame wagumu, yaani wapagazi, wakipima mizigo, na kila mgumu ana namba yake, sasa bosi anataka tu kujua zinalingana au hazilingani ndo aachie hela. Nikaandika kwa lugha ya Python set(getini) == set(ofisini), yaani geuza kila listi iwe seti afu linganisha, mstari mmoja, ikajibu True, nikaenda zangu Mbuyuni kula mtori.

Baada ya wiki mbili namba 117 kaja juu. Kumbe alipanda safari mbili mwezi ule, getini yupo mara mbili, ofisini wamemwandika mara moja, afu 204 aliyepanda mara moja wamemwandika mara mbili. Urefu wa listi ni uleule, namba zilizomo ni zilezile, ila marudio ndo hayalingani, na seti haina habari na marudio, kitu kikija mara ya pili inakitupa. Kwa hiyo kabla hujafikiria spidi jiulize kwanza, kwenye kazi yako kitu kujirudia kina maana au hakina? Kwenye hela kina maana kila siku.

Njia ya kienyeji ni kushika kila kitu cha listi ya kwanza, kukitafuta kwenye ya pili, ukikipata unakikata. Jibu sahihi kabisa, ila listi zikiwa na mistari 40,000 kila moja unaongelea mamia ya milioni ya hatua, laptopu inapiga feni tu. Ukisoti zote mbili, yaani kuzipanga kuanzia ndogo kwenda kubwa, afu ukalinganisha, sorted(a) == sorted(b), inashuka mpaka kama laki sita kwa kila listi, na soti ya Python, ile aliyoitunga Tim Peters mwaka 2002, inanufaika na vipande ambavyo tayari vimepangwa, so mara nyingi inakuwa chini ya hapo. Mi siidharau hii njia.

Ila ninayoitumia ni kuhesabu. Angalia urefu kwanza, ukitofautiana umemaliza. Afu pita listi ya kwanza ukiandika kila namba imetokea mara ngapi, 117 mara mbili, 204 mara moja, halafu pita ya pili ukipunguza moja moja. Ya ofisini ikileta 204 ya kwanza inabaki sifuri, ikija 204 ya pili hamna cha kupunguza, simama hapohapo, jibu ni hapana. Ukifika mwisho bila kukwama basi zinalingana, huna haja ya kukagua mabaki maana urefu ulishaupima. Ni hatua 80,000 hivi, na Python wamekurahisishia, Counter(a) == Counter(b). Inataka tu vitu vinavyokubali heshi (hash, namba ambayo Python inakipa kitu ili ikitafute haraka), ukiwa na listi ndani ya listi itagoma, geuza za ndani ziwe tuple, yaani listi isiyobadilishika, au rudi kwenye soti.

Na msiniletee ule ujanja wa kujumlisha namba za kila listi afu kulinganisha jumla, 117 na 204 ni 321, 118 na 203 nayo 321. Pia safisha data kwanza, "117 " yenye nafasi mwishoni sio 117, hiyo imenila jioni nzima.

Siku hizi sirudishi ndio au hapana tu, natoa Counter(getini) - Counter(ofisini) nampa bosi namba ya mgumu anayedai, ile siku ingetoka 117 mara moja. Ukigeuza unampata aliyezidishiwa. 204 yeye alikaa kimya kabisa.