Muhuri wa mtaa si kibali cha ukaazi

Ukishinda kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, magunia ya dagaa yakipakiwa kwenda Kongo na Rwanda, utasikia mengi kuhusu nani mwenye mamlaka juu ya wageni. Mengine si kweli.

"Mwenyekiti wa mtaa akishanikubali, nimemaliza." Hii ndiyo inayowaponza wengi. Katiba imeweka uraia na uhamiaji kwenye orodha ya Mambo ya Muungano, kwa hiyo si mamlaka ya Jiji la Mwanza wala Manispaa ya Ilemela. Kibali cha ukaazi hutolewa na Idara ya Uhamiaji. Anayetaka kufanya kazi anahitaji pia kibali cha Kamishna wa Kazi, kwa mujibu wa sheria ya 2015. Barua ya mtaa inasema tu kwamba fulani anaishi hapa na tunamfahamu. Wenzetu wa Kanada wana mpango tofauti: tangu makubaliano ya 1991, jimbo la Quebec huchagua lenyewe wahamiaji wake wa kiuchumi. Mwanza haina makubaliano ya namna hiyo na Dodoma.

"Basi serikali za mitaa hazina kazi." Zinayo, tena nyeti. Fomu ya kitambulisho cha taifa (NIDA) hupitia serikali ya mtaa kabla afisa uhamiaji hajathibitisha uraia. Akitaka kujua kama mwombaji kazaliwa kisiwani Ukara au kavuka ziwa juzi, ataanzia kwa wanaoishi naye. Muhuri uliogongwa kwa kujuana, au kwa "ya soda", unaharibu ushahidi tangu chini. Na halmashauri ndizo zinazotoa leseni za biashara ndogo: tangu amri ya Julai 2025 iwazuie wasio raia kufanya biashara kadhaa, zikiwemo za rejareja na uwakala wa fedha kwa simu, afisa biashara hawezi kufumba macho kuhusu uraia wa mwombaji.

Balozi wa nyumba kumi? Huyo ni wa chama (CCM), si wa serikali.

"Sote ni Afrika Mashariki, mipaka imekwisha." Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza Julai 2010, na Mganda haombi viza. Lakini lazima apite kituo rasmi na hati yake igongwe. Akishuka na mtumbwi usiku kwenye mwalo wa kisiwani, kaingia kinyume cha sheria, hata kama shemeji yake anamsubiri ufukweni. Mwenyekiti wa mtaa akimkuta, yeye hana mamlaka ya kumtimua nchini, wala ya kumtoza "faini" mfukoni. Anatakiwa kutoa taarifa Uhamiaji au polisi.