Praima ya maji: maana yake kwa anayepaka roketi ndogo

Ukiingia duka la hadiwea karibu na soko la Kibuye hapa Kisumu ukaomba praima, muuzaji atakuuliza, "Ya maji ama ya mafuta?" Wengi hujibu "ya maji" kwa kuwa haina harufu kali, kisha huenda zao wakidhani wamenunua rangi nyeupe ya kuanzia. Mimi huwafundisha watoto kutengeneza roketi ndogo za karatasi na mbao nyepesi, na nimeona kazi ya wiki mbili ikiharibika siku ya kupaka kwa sababu tu neno hilo halikueleweka.

Praima ni tabaka la kwanza linalopakwa juu ya kitu kitupu ili rangi ipate pa kushika. Roketi ndogo ina vitu vitatu visivyofanana hata kidogo: bomba la karatasi, mapezi ya mbao (yale mabawa madogo ya mkiani) na pua ya plastiki. Karatasi na mbao hunywa rangi, plastiki huikataa. Ukipaka rangi moja kwa moja, bomba litatoka na mabaka, mapezi yatabaki yamefifia kama hayajaguswa, na pua itang'aa siku mbili tatu kisha ianze kubanduka kwa ukucha. Praima huvipa vyote vitatu uso wa aina moja. Mafundi wengi huiita pia andakoti, lakini kila moja ina kazi yake: andakoti huficha rangi ya chini, praima hushikamanisha.

Sasa hilo neno "ya maji". Halimaanishi kwamba roketi ikinyeshewa rangi itatoka. Ndani ya mkebe mna chembe ndogo mno za akriliki, aina ya plastiki, na unga mweupe wa kujazia, vyote vikielea majini. Maji ni mchukuzi tu. Yakiondoka, chembe husogeleana, hubanana na kuungana kuwa ngozi moja, na ngozi hiyo ikishaiva maji hayaivunji tena. Ndiyo maana brashi mbichi huoshwa kwa maji na sabuni, ila ukiisahau hadi kesho huna brashi. Praima ya mafuta huchukuliwa na thina, ambayo haisumbui mbao, lakini mvuke wake haufai chumba chenye watoto, na thina kali huyeyusha plastiki laini.

Mchukuzi huyo lazima aondoke, na njia zake ni mbili. Maji mengine hupanda hewani, mengine hushuka ndani ya mbao. Mlango wa mvule hautajali. Pezi la roketi, ambalo mara nyingi ni balsa, mbao nyepesi mno, ya unene wa milimita 2 au 3, litajali sana. Balsa ya kawaida ina uzito wa takriban kilo 160 kwa mita moja ya ujazo, wakati maji ya ujazo huo yana kilo 1,000. Mbao nyepesi namna hiyo ndani ni vishimo vitupu vyenye kiu. Upande uliopakwa hunywa na kuvimba, pezi likapindia upande mkavu. Praima ikikauka hujivuta, na pezi likapindia upande wa pili.

Mwaka juzi nilipaka mapezi matatu upande mmoja jioni, nikiazimia kumalizia asubuhi. Asubuhi niliyakuta yamejikunja kama maganda yaliyoanikwa juani, na hakuna kitabu kizito kilichoweza kuyanyoosha sawasawa. Pezi lililopinda huizungusha roketi inapopaa, na nguvu iliyopaswa kuipeleka juu huishia kwenye mzunguko huo. Siku hizi napaka pande zote mbili kwa wakati mmoja, tabaka jembamba, kisha nalisimamisha pezi kwa pini mbili ili hewa ipite kote.

Hata pezi lililonyooka litakushtua. Ipitishe ncha ya kidole juu yake baada ya koti ya kwanza, yaani tabaka la kwanza, kukauka, utahisi linakwaruza kama kidevu kisichonyolewa siku tatu. Liweke dirishani mwanga upite pembeni, utaviona vinyweleo vimesimama kwa maelfu. Ni nyuzi za mbao zilizoamshwa na maji, kisha praima ikazigandisha zikiwa wima. Mtoto akiona hivyo hudhani ameharibu. Hajaharibu, ndivyo inavyotakiwa. Sasa nyuzi zimekuwa ngumu kiasi cha kukatika, na msasa namba 320 utazinyoa kwa mara chache tu. (Msasa wenyewe ni mti. Majani yake yana ukali wa kupigia mbao, na ndiko jina la karatasi hii lilikotoka.) Vumbi likitoka jepesi kama unga, praima imeiva. Likitoka kwa vibonge vinavyoziba msasa, acha, bado ni mbichi.

Piga msasa mpaka uone mbao ikichungulia hapa na pale. Wanafunzi huniuliza mbona tunaitoa tuliyoinunua. Praima ya pezi inatakiwa ibaki ndani ya vishimo, juu yake ibaki kidogo tu. Mapezi yako nyuma ya roketi, na kila gramu unayoiongeza huko huvuta kitovu cha uzito, pale roketi inapojisawazisha ukiitundika, kurudi mkiani. Kitovu hicho kinatakiwa kiwe mbele ya kitovu cha msukumo wa hewa, yaani pale nguvu ya hewa inapokusanyikia kwenye roketi, angalau kwa umbali sawa na upana wa bomba, la sivyo roketi itayumba au kugeuka hewani. Koti nne nene za praima zinaweza kuiharibu roketi iliyopimwa vizuri.

Pua ya plastiki haina nyuzi, shida yake ni utelezi. Ioshe kwa sabuni, ikaushe, ikwaruze kwa msasa laini, ndipo praima ya maji itashika. Ndani ya bomba usipake kabisa. Karatasi ikivimba, pua itakwama, na pua iliyokwama haiachii parashuti iliyokunjwa ndani ya bomba.

Kuhusu kukauka, usiamini muda ulioandikwa kwenye mkebe. Kisumu ina hewa nzito ya ziwa, na msimu wa mvua maji hayana pa kwenda haraka. Mimi hupaka saa tatu asubuhi, kabla ya mawingu ya alasiri, na sipigi msasa hadi kesho yake. Nakuru iko juu zaidi, kwenye mita 1,850 hivi, na hewa yake huwa kavu zaidi, lakini usiku wake ni baridi. Mikebe mingi huonya usipake chini ya nyuzijoto 10 za Selsiasi, kwa sababu katika baridi chembe hukauka bila kuungana, na praima hutoka ikipukutika kama chokaa.

Kupima kama maji yameondoka, weka pezi shavuni. Maji yanayotoka huondoka na joto, kwa hiyo pezi likikugusa kwa ubaridi, mchukuzi bado yumo ndani hata kama praima hainati kidoleni. Lirudishe kwenye pini zake.