Je, wajua kwa nini seli huiziba kwanza molekuli inayopaswa kumwonyesha adui?

Ebola ilipofika Goma mwezi wa Julai 2019, wakati ambapo ndoo za maji ya klorini zilikuwa zimekwisha kuwekwa milangoni mwa ofisi na maduka, waliokaribiana na wagonjwa walidungwa chanjo ya virusi visivyo vya Ebola, bali vilivyovishwa protini moja ya Ebola. Sote tulisikia kwamba chanjo huufundisha mwili kumtambua adui, ila ni nadra kuelezwa unafundishwaje.

Baadhi ya seli za kinga humeza vijidudu na protini ngeni, huzikatakata, kisha huvitandaza vipande vyake juu ya utando wao ili seli T, yaani seli za kinga zinazoamua kama kuna adui wa kushambuliwa, zije kuvikagua. Kinachovishika ni molekuli ya HLA ya daraja la pili, yenye mfereji mwembamba ambamo hulala kipande chenye asidi amino (vijenzi vya protini) 13 hadi 25 hivi. Seli T haitambui kitu kigeni kikiwa peke yake. Lazima kishikwe na molekuli ya mwili wenyewe, jambo ambalo Peter Doherty na Rolf Zinkernagel walilionyesha kwa panya nchini Australia katika miaka ya 1970, wakatunukiwa Nobel mwaka 1996.

Tatizo ni kwamba HLA hutengenezwa mahali palipojaa protini zetu wenyewe, nyingine zikiwa bado hazijakunjwa. Mfereji ukiachwa wazi, ungejazwa na chochote kilicho karibu. Kwa hiyo protini iitwayo mnyororo usiobadilika hujipachika humo mapema, huuziba, tena huiongoza HLA hadi kwenye vifuko vyenye asidi ambamo vilivyomezwa husagwa. Huko vimeng'enya, hasa kathepsini S, huutafuna mnyororo huo mpaka kibaki kipande kimoja tu mferejini, CLIP, ambacho ni kama abiria aliyekalia kiti ili kumshikia mwenzake nafasi.

Anayemwinua ni protini nyingine, HLA-DM, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye uhondo. DM hujibana ubavuni mwa HLA, karibu na kishimo ambamo ncha moja ya kipande hujishikiza, na kukilegeza kishiko hicho. CLIP huchomoka. Lakini DM haikomi hapo: kila kipande kinachoingia baadaye hujaribiwa vivyo hivyo, kilicholegea kikatolewa, kilichojikita vizuri kikabaki, kwa sababu DM hushindwa kuing'ang'ania HLA iliyokwisha kumkumbatia mgeni wake barabara. Bila mchujo huo, utando ungejaa vipande vinavyodondoka kabla seli T haijavifikia.

Naye mkaguzi ana msimamizi wake. HLA-DO, inayopatikana zaidi katika seli B, zile za kinga zinazotengeneza kingamwili, ina umbo linalofanana mno na HLA ya kawaida, hivyo DM huikamata palepale ambapo ingeikamata HLA, ikashindwa kufanya kazi nyingine. Wanasayansi bado wanabishana juu ya faida yake. Wengi huelekea kudhani kwamba husaidia kuuzuia mwili usijishambulie. Linaloonekana wazi ni kwamba seli B zikiingia kwenye vituo vya matezi ambamo kingamwili hunolewa, hupunguza DO, na DM ikawa huru kuchuja kwa ukali zaidi.