Usiogope Kumpinga Mnasihi Wako

Wengi wanaofika kwetu wanasihi, yaani wataalamu wa tiba ya mazungumzo, kwa mara ya kwanza, hapa Tanga mjini na hata wanaotoka Muheza na Pangani, wamekwisha kushauriwa mno. Ndugu wamewaambia wavumilie, jirani kawaambia wamerogwa, rafiki kawaambia waache kuwaza. Wakikaa kitini wanasema, "Haya daktari, niambie nifanye nini." Nasi hatutoi amri. Wapo wanaoondoka wamevunjika moyo wakidhani wamenyimwa tiba, kwa hiyo ni haki yao waelezwe sababu.

Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, alianza kusisitiza tangu miaka ya 1940 kwamba mwenye shida ndiye anayeyajua maisha yake kuliko mtaalamu yeyote. Baadaye, miaka ya 1960, daktari Aaron Beck akaanzisha tiba ambayo mtaalamu na mteja hulichukua wazo linalomtesa mtu na kulichunguza pamoja, waone kama lina ukweli. Mwaka 1979 Edward Bordin akataja mambo matatu yanayoushikilia uhusiano wa mtaalamu na mteja: wakubaliane wanataka kufika wapi, wakubaliane watafanya nini ili wafike, na waaminiane. Tafiti nyingi tangu hapo zimeonyesha kwamba uhusiano huo ukiwa mzuri, mtu ana nafasi kubwa zaidi ya kupata nafuu, iwe tiba ya mazungumzo ya aina gani.

Chukua mfano wa mama mmoja, niliyemtunga kutokana na wengi, anayekaanga samaki karibu na soko la Deep Sea. Kafiwa na mumewe, eda imekwisha, lakini usingizi hauji, chakula hakipiti, na kichwa kinamgonga kutwa. Kaenda zahanati akidhani ni presha. Muuguzi kampima, presha iko sawa, akamuuliza yale maswali 9 ya kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, ambayo kila jibu lina alama kuanzia 0 hadi 3. Jumla ikawa 13 kati ya 27, akamwelekeza kwetu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Katika yote uliyonieleza, tuanze na lipi?"

Mnasihi angeweza kudhani ataanza na msiba. Mama anasema, "Usingizi. Nikilala, mengine nitayaweza." Basi wanaanza na usingizi, na msiba utakuja wenyewe siku yake.

Anapewa daftari la kawaida la shule. Kila siku aandike saa, alichokuwa akifanya, na hali ya moyo kuanzia 0 hadi 10. Wiki inayofuata wanalifungua pamoja. Baada ya swala ya Isha, akiwa peke yake chumbani, ameandika 1, mara 2. Jumamosi alipokwenda kumenya vitunguu kwenye shughuli ya jirani, ameandika 6. Mnasihi hakimbilii kumfafanulia. Anamuuliza, "Wewe unaonaje hapa, mama?" Mama anatazama ukurasa kwa muda. "Siku ile nilikuwa na watu."

Mnasihi akapendekeza awe anatembea jioni kule Raskazone. Mama akakataa: "Jioni ndiyo biashara yangu. Nikiliacha karai, watoto watakula nini?" Badala yake akasema atarudi kwenye kikundi chake cha maulidi cha Alhamisi, alichokiacha tangu mume augue. Huko kukataa ndiko kulikoleta mpango unaotekelezeka. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mnasihi hajawahi kuyaishi maisha ya yule mama.

Kwetu pwani kuna kikwazo ambacho hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni adabu. Tumelelewa tusimbishie mkubwa wala msomi. Kijana anaitikia "ndiyo" kwa kila linalosemwa, anaaga kwa heshima, na harudi tena. Ile "ndiyo" haikuwa kukubali. Ndiyo maana mnasihi makini huweka njia mbili mezani badala ya moja, na kabla ya kuagana huuliza, "Leo nimesema lipi ambalo halikukukaa vizuri?" Ukiulizwa hivyo, jibu. Hujamkosea mtu adabu, umemsaidia kufanya kazi yake.

Vilevile wapo wazazi na waume wanaomleta mtu wakisema, "Mtieni akili huyu." Tunawakaribisha, maana familia ni nguzo, lakini mwenyewe ndiye anayeulizwa kwanza nini waambiwe na nini kibaki ndani. Anayetaka dua za shehe wake au sala za padri wake ziendelee, ziendelee. Hatuoni ugomvi hapo.

Kushirikiana hakuna maana kwamba mtaalamu ananyamaza. Mtu akihitaji dawa anaambiwa wazi na kupelekwa kwa daktari, na anayezitumia asiziache kienyeji. Siri inatunzwa, isipokuwa maisha yanapokuwa hatarini. Mtu akisema anataka kujiua, tunapanga naye namna ya kumlinda, ndugu anaitwa, na vitu vya hatari vinaondolewa nyumbani. Nanyi mkisikia maneno hayo, msimwache peke yake hata kidogo. Mpelekeni hospitali iliyo karibu, usiku au mchana.

Kwa wengine, pa kuanzia ni zahanati au kituo cha afya cha mtaani kwako, ambako utaelekezwa Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ikibidi. Wenye maradhi mazito ya akili wana pia hospitali ya Lutindi, kule milimani Korogwe. Ukikutana na mnasihi muulize tiba yake inakwendaje, itachukua vikao vingapi, na mtajuaje kama inasaidia. Na kama baada ya vikao viwili vitatu bado hamuelewani, mwambie. Atakutafutia mwenzake bila kinyongo.