Dakika 15 hadi mjini? Mji upi?

Juzi tena. Mteja nimemkatia tiketi ya London, hoteli yake iko hatua chache kutoka stesheni ya Liverpool Street, nimemwandikia na treni ya kupanda akishuka eapoti ya Heathrow, nikajua nimemaliza. Usiku wa manane meseji inaingia: "mbona umeniwekea treni ya dakika arobaini wakati kuna ya dakika 15 hadi mjini??" Alama mbili za kuuliza kabisa, kama vile nimemuibia. Hili swali nimelijibu mpaka vidole vimeota sugu, kwa hiyo leo naandika mara moja, atakayeuliza tena namtumia linki.

Jamani, hakuna treni inayokupeleka mjini. Treni inakupeleka stesheni. "Mjini" ni neno la watu wa matangazo, wewe unaenda kulala, na hicho kitanda kina anwani yake.

Sasa tuichukue hiyo ya dakika 15. Heathrow Express kweli inakimbia, dakika 15 hivi uko stesheni ya Paddington, sibishi. Ila Paddington iko magharibi, na kitanda chako kiko mashariki. Kwa hiyo utashuka na mabegi, utafuata vibao, utateremka chini kabisa, na unajua utapanda nini? Elizabeth line. Ile ile niliyokuandikia, ambayo tangu Novemba 2022 inatoka Heathrow na kupasua katikati ya jiji moja kwa moja bila wewe kunyanyuka kwenye kiti! Umelipa zaidi, umebeba mizigo, dakika ulizookoa zimeishia kwenye ngazi. Kama hoteli yako iko pale pale Paddington basi panda Express na mimi nitakupigia makofi, lakini wengi wanaoniuliza hawalali Paddington.

Shanghai ndo kichekesho zaidi. Pale eapoti ya Pudong kuna treni ya sumaku, inaelea haigusi reli, kilomita 30 inazimaliza kwa dakika 8 tu. Uhandisi wa ajabu, mtu akitaka kuipanda kwa raha zake namuunga mkono. Ila inakutua stesheni ya Longyang Road, na pale bado hujafika popote, unaingia metro kama wenzako, na mabegi yanapitishwa kwenye mashine ya ukaguzi. Mtu anarudi ananiambia "nilifika mjini kwa dakika nane." Ulifika Longyang Road, ndugu yangu.

Halafu kuna Oslo, hapa nachukia zaidi maana hata kisingizio cha stesheni hakipo. Treni ya haraka, Flytoget, dakika 19. Treni ya kawaida ya kampuni ya Vy, kama dakika 23. Zote zinakushusha stesheni kuu ile ile! Na ya kawaida nauli yake karibu nusu. Dakika nne, watu wanazilipia bei mara mbili kisha wanafika hotelini chumba hakijawa tayari.

Mimi nahesabu hivi: kutoka mlango wa kutokea eapoti hadi mlango wa hoteli, na humo ndani weka muda wa kusubiri. Hiki cha kusubiri watu hawakihesabu kabisa, treni ya dakika 15 inayokuja kila robo saa inaweza kukugharimu nusu saa kama ndo imekuacha sasa hivi. Kisha hesabu mara ngapi utahama na begi mkononi. Ndo maana eapoti ya Narita, ambako Tokyo iko kilomita kama 60, mwenye mabegi makubwa mara nyingi namwekea basi, wananicheka, basi tena Japani! Lakini yapo yanayokushusha mlangoni kwa hoteli kubwa, dereva kashakuwekea begi chini, wakati mwenzako aliyekimbilia treni bado anatafuta lifti.

Teksi nipite haraka. Si kila teksi ya eapoti ni wizi. Paris kuna bei maalum iliyopangwa na serikali, hoteli ikiwa ukingo wa kulia wa mto bei yake, wa kushoto bei yake, na ni ya gari zima siyo kwa kichwa. New York, eapoti ya JFK hadi Manhattan ni dola 70, juu yake barabara za kulipia, nyongeza ndogo ndogo na bakshishi. Mkiwa watu wanne pigeni hesabu kabla ya kukimbilia treni. Mwizi ni yule anayekufuata ndani ukumbini kabla hujaona foleni ya teksi. Na jina la eapoti msiliamini, Beauvais wanaiita Paris na iko kilomita kama 80 huko.

Sasa niseme na yangu. Hesabu yangu yote inaanzia mlango wa kutokea, na muda wa kuufikia huo mlango siuwezi. Uhamiaji nimeshaona dakika kumi na nimeshaona masaa mawili, eapoti ile ile, ndo maana tiketi za treni za saa maalum sizipendi hata ziwe rahisi vipi. Na niliwahi kukosea vibaya: wazee wawili, mabegi manne, nikawapangia treni nzuri kwa hesabu zangu, stesheni ya kushukia lifti mbovu. Mama akanipigia akiwa kwenye ngazi, hakufoka, aliniuliza tu "mwanangu, sasa tunapandaje?" Hawakurudi kwangu tena, na sijawalaumu.

Mimi mwenyewe nikitua saa sita usiku baada ya masaa kumi na nne angani naenda moja kwa moja kwenye foleni ya teksi, hesabu naziacha kwenye ndege.

Yule mteja wa London kajibu leo asubuhi, kafika salama. Alipanda ya dakika 15. Anauliza kama kurudi pia apitie Paddington.